Mahabusu wa Hiari katika Boma la Namtumbati

Ndugu zangu wa kibaraza cha Alhamisi,

Tangu nirudi mmeniuliza, mmoja mmoja na kwa makundi, kama ni kweli nilifungwa kusini kwa wizi wa ng'ombe. Ni kweli, na si kweli. Nimechoka kusimulia vipande vipande kwenye ngazi za maktaba, kila mmoja akiondoka na kipande chake na kwenda kukitia chumvi. Habari nzima ni hii.

Kwanza niseme jambo nililowaficha. Niliwaambia naenda kutazama boma la Wajerumani kwa ajili ya riwaya yangu. Riwaya ilikuwepo, nilikuwa nimeshaandika sura tatu zenye mbalamwezi nyingi mno. Lakini aliyenituma hasa ni baba.

Baba yake, yaani babu yangu, alikamatwa na Wajerumani baada ya vita vya Maji Maji. Alifungwa mnyororo wa shingo pamoja na wenzake, wakatolewa Songea kwa miguu hadi pwani kujenga boma mahali panapoitwa Namtumbati, karibu na mdomo wa Ruvuma. Hakurudi, na hakuna mtu aliyeleta habari ya msiba. Na kwa kuwa hakuna aliyeleta habari, nyumbani kwetu babu hajafa. Hakuna aliyekaa matanga wala aliyenyoa nywele. Angekuwa na zaidi ya miaka mia sasa, lakini baba akimtaja husema, "Mzee hayupo," kama vile ametoka kidogo kwenda kutafuta tumbaku. Mwaka huu kifua cha baba kilizidi kuwa kibaya. Alinitumia maneno kwa mtu aliyekuja Dar es Salaam: "Nenda kaulize. Mimi siwezi kufa kabla ya baba yangu. Itakuwa utovu wa adabu."

Basi nikaenda.

Dar es Salaam hadi Mtwara

Njia ya kusini mnaijua kwa sifa. Siku ya kwanza tulivuka Rufiji, siku ya pili basi lilizama mchangani, na siku ya tatu likazama tena pale ambapo dereva alikuwa ameapa kwamba haliwezi kuzama.

Jirani yangu alikuwa mtu wa makamo kutoka Ufukoni, amebeba mlango. Mlango mzima wa mninga, wenye komeo na bawaba zake. Aliulaza katikati ya basi, abiria tukawa tunaweka miguu juu yake. Basi lilipozama aliutoa bila kuombwa, ukatiwa chini ya tairi, likapanda. Mchana tulikula samaki wa kukaanga juu yake. Jioni mama mmoja alimlaza mtoto hapo.

"Nyumba yako itapendeza," nikamwambia.

"Nyumba gani?"

"Ya mlango huu."

"Nyumba sina bado," akasema. "Nyumba itafuata. Mtu huanza na kitu ambacho watu watakibishia hodi."

Niliandika maneno hayo katika daftari langu usiku uleule, nikijiona nimeanza kuvuna. Sikujua kwamba daftari hilo lingeniponza kabla hata ya kufika.

Magomeni hadi Namtumbati

Mtwara nililala Magomeni, nyumbani kwa mwalimu rafiki wa rafiki, na alfajiri nikapata nafasi kwenye lori la kuchukua korosho. Ulikuwa msimu. Harufu ya mabibo yaliyoiva ilitanda barabara nzima, tamu na kali, utadhani nchi yenyewe imelewa inajaribu kuficha. Dereva alikuwa Mmakonde aliyeitwa Nandonde, mtu wa maneno machache hadi aliposikia jina langu.

"Ngonyani? Wewe Mngoni?"

"Ndiyo."

"Na unakwenda Namtumbati?"

"Ndiyo."

"Kule Wayao watupu," akasema, akaanza kucheka peke yake. Alicheka kilomita tatu nzima.

Mnajua Wangoni na Wayao ni watani tangu vita vya mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na usiruhusiwe kununa. Nilidhani hayo yamebaki kwa wazee.

Karibu na Mnazi Bay palikuwa na gogo limelazwa njiani, na mgambo wawili. Vita vya wenzetu ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vikali wakati ule, na kila mgeni alitazamwa mara mbili. Mimi nilitazamwa mara tatu, kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya lori nikiandika. Yule mkubwa aliomba daftari, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari:

"'Mikoko inaosha miguu yake katika kioo cha maji.'" Akainua macho. "Mikoko ina miguu?"

"Ni namna ya kusema, ndugu."

"Unamwambia nani?"

"Msomaji."

"Yuko upande gani wa mto huyo msomaji?"

Nilieleza kwamba mimi ni mwandishi wa riwaya, kwamba mizizi ya mikoko imenikumbusha miguu. Walishauriana pembeni. Mwisho walinirudishia daftari kwa sharti moja, nifute sentensi ile niandike nyingine mbele yao. Yule mkubwa aliitamka, nami nikaandika: "Mikoko ipo." Akasoma, akaridhika, akaondoa gogo. Mpaka leo ndiyo sentensi pekee ya daftari lile ambayo haijanipa shida.

Boma

Linasimama juu ya kilima kidogo, kama jino lililobaki peke yake mdomoni. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba dirishani unaweza kukaa na kunyoosha miguu. Chini yake mikoko, mbele ya mikoko maji ya Ruvuma yakigombana na maji ya bahari, kahawia na buluu, hakuna anayekubali kushindwa. Nilisimama nikizitazama kuta. Babu yangu alibeba haya mawe.

Ndani palinuka korosho. Juu ilikuwa ofisi ya katibu tarafa, ambaye alikuwa amekwenda shambani na wafanyakazi wote, kwa kuwa wakati ule kila ofisi ilikuwa na shamba lake. Chini palikuwa kituo kidogo cha polisi, na magunia ya korosho yamepangwa hadi darini. Kati ya magunia na meza alikaa Koplo Saidi, mtu mnene mwenye sharubu zilizochanwa vizuri.

"Jina?"

"Ngonyani."

Aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliyeletewa kifurushi alichokingoja miaka.

"Umekuja peke yako, Che Ngonyani, au jeshi liko nyuma linakuja?"

"Jeshi limebaki nyumbani, Koplo. Bado linamalizia kula ng'ombe wenu tuliowachukua."

Alipiga meza kwa kicheko hadi wino ukamwagika. Kuanzia hapo tulikuwa ndugu. Alinizungusha jengo lote na kunisimulia habari zake. Mawe yalikatwa kwenye mwamba maji yakipwa, wafungwa wakayapandisha kilimani kichwani, mstari mmoja mnyororo mmoja, aliyejikwaa akiwaangusha wote. Chokaa ilichomwa kwa kuni za mikoko, ndiyo maana kuta zinatoa jasho la chumvi masika. Mjerumani alikaa juu, bunduki zikakaa katikati, watu wakakaa chini.

"Akaja Mwingereza," akasema Koplo, tukiwa ofisini kwa katibu tarafa, "akatoa picha ya mfalme wa Mjerumani, akatundika ya mfalme wake. Tulipopata Uhuru tukatoa ile, tukatundika yetu. Lakini tazama msumari."

Niliutazama.

"Msumari ni uleule wa Mjerumani. Haujatikisika hata mara moja."

Nikamwambia kilichonileta. Kicheko kilimtoka usoni. Alisema wafungwa wa vita wote walilazwa chumba namba mbili, na kwamba wazee husema walikuwa wakikwaruza alama ukutani. Nikaomba anifungulie.

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

Alileta kitabu kikubwa chenye jalada gumu. "Chumba hiki kikifunguliwa, huandikwa humu. Tazama safu. Jina la mahabusu. Kosa. Saa ya kuingia. Saa ya kutoka. Iko wapi safu ya mgeni?"

Haikuwepo.

"Hebu niandike pembeni, Koplo."

"Pembeni ni uchafuzi wa kitabu. Mwenzangu mmoja aliandika pembeni. Sasa yuko Liwale."

Sote wawili tukakitazama kitabu. Kisha nikasema neno ambalo nimelijutia na nisingelirudisha: "Basi nikamate."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa sheria, lakini pia alikuwa Myao, na mbele yake alikaa Mngoni anayeomba mwenyewe kufungwa. Vipi angekataa? "Lazima kuwe na kosa," akasema kwa sauti ya kubembeleza.

"Litafute."

Akachovya kalamu. Sharubu zilikuwa zikitetemeka. Akaandika kwa mwandiko mzuri: *Wizi wa ng'ombe.*

Chumba namba mbili

Mlango wa mahabusu haukai wazi ukiwa na mtu ndani, hiyo nayo ni sheria, kwa hiyo alinifungia. "Tazama taratibu," akasema kupitia nondo. "Naenda swala ya Ijumaa, nikirudi nakuandika umetoka." Nikasikia viatu vyake vikipotea kilimani, pamoja na funguo.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeandaa maneno ya kuandika wakati ule. Nilizigusa kuta kwa viganja viwili kama kipofu. Zilikuwa nyeupe. Zilikuwa nyeupe pote, chokaa juu ya chokaa, Mwingereza juu ya Mjerumani na sisi juu ya Mwingereza. Kama babu yangu aliacha alama, ilikuwa chini ya unene wa kidole wa usafi. Maandishi niliyoyakuta yote yalikuwa mapya, kwa mkaa: "Hamisi alilala hapa, kosa kupenda." Nilikaa sakafuni, nikamwona baba kwenye kiti chake, akingoja.

Mwanamke mzee alikuja akisukuma sahani chini ya mlango: ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Alikuwa Bibi Somoe, mama yake Koplo, ambaye ndiye hupikia mahabusu.

"Kosa lako nini, mwanangu?"

"Wizi wa ng'ombe, bibi."

"Kabila?"

"Mngoni."

"Ah," akasema, kana kwamba nimetaja kosa lilelile mara mbili. Alisimama kutazama kama nitakula pweza. Nilikula. Hilo lilimshangaza kuliko wizi.

Hapo ndipo Landrova ilipopanda kilima. Aliyeshuka alikuwa mkaguzi kutoka mjini, mtu wa bara, mrefu, aliyepigwa pasi mwili mzima. Alikagua meza, akakagua magunia, akafungua kitabu. Koplo Saidi alitokea akikimbia, kofia ya swala ingali kichwani, akasimama wima akapiga saluti.

"Mahabusu mmoja," akasema mkaguzi. "Wizi wa ng'ombe. Wapi?"

Koplo alikitazama kitabu mikononi mwa mkaguzi. Kusema kwamba aliandika mzaha katika kitabu cha serikali ilikuwa kuzivua beji zake kwa mkono wake mwenyewe. Alinitazama kupitia nondo, na macho yake hayakuwa ya mtani tena. Yalikuwa macho ya baba wa watoto saba.

"Kwa Wayao, afande," nikajibu mimi.

"Wewe ndiye uliyeiba?"

"Hapana, afande. Babu yangu."

"Ng'ombe wangapi?"

Hapo Koplo na mimi tulijibu pamoja. Mimi nilisema kumi, yeye akasema mia mbili.

Mkaguzi alitoa kalamu mfukoni. "Huyo babu yuko wapi?"

"Ndiye ninayemtafuta, afande. Aliletwa hapahapa."

"Aliletwa hapa? Katika kituo hiki?" Alimgeukia Koplo. "Na sasa hayupo?"

"Hayupo, afande," Koplo akasema kwa sauti ndogo.

"Yaani mshitakiwa wa kwanza ametoroka mikononi mwako, na wewe umemshika mjukuu!"

Nje kunguru walikuwa wakigombania kitu. Mkaguzi akauliza swali ambalo afisa mzuri huuliza mwisho: "Mlalamikaji ni nani?"

"Mimi," akasema Bibi Somoe.

Wote tulimgeukia. Alikuwa amesimama na sahani yangu tupu mkononi.

"Wewe, mama?"

"Ng'ombe walikuwa wa kwetu, wa Wayao. Mimi ni Myao. Nimesamehe. Mtoto mwenyewe anakula pweza, nimfanye nini?" Kisha akakaza sauti. "Lakini usiandike kwamba babu yake alitoroka. Usimwandike uongo mtu aliyekwisha kufa. Hakutoroka. Yuko hapo nyuma, tulimzika sisi."

Kalamu ya mkaguzi ilisimama. Yangu, ningekuwa nayo, ingesimama vilevile. Mkaguzi aliandika taratibu, akisoma anavyoandika: mshitakiwa wa kwanza amefariki, mlalamikaji amesamehe, shauri limefungwa, kitabu kimetunzwa vizuri. Akampongeza Koplo kwa mwandiko, akapanda gari akaondoka. Ndipo nilipofunguliwa, na ikaandikwa saa ya kutoka.

Nyuma ya boma

Ni mwendo wa dakika chache, katikati ya mikorosho. Vituta sita, kila kimoja na mawe ya matumbawe kichwani, vimefagiliwa.

Bibi Somoe alikuwa mtoto wakati ule, baba yake akiwapelekea maji wafungwa. "Homa iliwaingia masika ya kwanza," akasema. "Watu wengine hapa waliogopa kuwagusa. Hawana ndugu, nani atawaosha? Baba yangu akasema mtani yupo. Alimwosha huyu kwa mikono yake, akimtukana tangu kichwani hadi miguuni kama inavyotakiwa, mwizi wewe, mla ng'ombe za watu wewe. Huku analia."

"Alikuwa anaitwa nani, bibi?"

"Mngoni."

"Jina lake."

"Wote waliitwa Mngoni. Alikuwa mrefu. Alikataa pweza hadi anakufa, akasema hali kitu chenye miguu mingi kuliko yake."

"Na wenzake?"

"Walikataa vilevile. Wote sita."

Nilivitazama vituta sita. "Sasa wangu ni yupi?"

Alinyoosha kidole bila kusita. "Huyu."

"Umejuaje?"

"Huyu ndiye aliyezikwa na baba yangu. Na wewe ndiye uliyekuja."

Niliinama nikaweka kiganja juu ya mchanga. Ulikuwa wa moto kwa jua. Maneno yote mazuri niliyoyaweka akiba kwa saa ile hayakuja, nami sikuyaita. Nilisema tu, "Babu, mwanao anakusalimu."

Nilipoinuka Bibi Somoe alikuwa anatazama miguu yangu. "Vua viatu," akasema.

"Kwa nini, bibi?"

"Aliyezika ana haki yake kwa wafiwa. Sisi tumezika, wafiwa hawakuja. Baba yangu alingoja mpaka akafa. Leo mmekuja. Vua."

"Bibi, kutoka hapa naunganisha hadi Songea!"

"Mwenzako alitoka Songea hadi hapa pekupeku."

"Na mnyororo shingoni," akaongeza Koplo, aliyekwisha kupata nafuu. "Sisi mnyororo hatukuwekei, Che Ngonyani. Shukuru."

Nilivua. Bibi akataka na soksi. Alivaa vyote palepale, viatu vyangu vya kahawia vya Dar es Salaam, vikimpwaya, akatembea kati ya makaburi akivitazama kwa mbele na kwa pembeni. "Wangoni wana miguu mikubwa," akasema. "Ya kukimbilia."

Masasi, Tunduru, Songea

Siku nne. Kila stendi mtu aliniuliza viatu viko wapi, nami nikajibu Wayao wamechukua, na kila mara nusu ya abiria walicheka na nusu nyingine wakadai kwamba Wayao hao waliacha kazi bila kumaliza, na shati je? Tunduru mama muuza uji alipolisikia jina langu alinipa bakuli, kisha akanywa nusu yake mbele yangu, kwa haki ya mtani.

Lakini njia nzima nilikuwa na wasiwasi. Ningemwambia nini baba? Makaburi sita, jina hakuna, alama ukutani hakuna, ushahidi ni wa mwanamke aliyekuwa mtoto, na wafungwa wote sita walikataa pweza. Hata riwaya yangu isingekubali ushahidi wa namna hiyo.

Nilimkuta baba uani, blanketi mabegani juani, akipumua kwa sauti. Nilimsimulia yote. Sikumficha kitu, wala sikuongeza mbalamwezi.

"Kwa hiyo, baba," nikamaliza, "sina hakika. Inawezekana ni yeye. Inawezekana ni mwenzake."

Baba alikuwa anatazama nyayo zangu zilizopasuka.

"Viatu vyako alichukua huyo mama?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nguvu?"

"Alisema ni haki ya aliyezika."

"Na alijua kwamba unakuja huku? Mbali hivi?"

"Nilimwambia. Hakujali."

"Na soksi?"

"Na soksi."

"Wayao wale!" Baba akaanza kucheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, kikohozi kikageuka kitu kingine, naye akajifuta uso kwa ncha ya blanketi. "Mtani hawezi kumvua mtu aliyefiwa kama hakumzika maiti wake. Angeogopa. Huyo mama hakuogopa hata soksi."

Alishika mikono ya kiti akasimama, jambo ambalo hakuwa amelifanya peke yake tangu Pasaka, akaita kuelekea jikoni kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani:

"Mama watoto! Zima moto huo, toa mikeka nje, tuma watu kwa ndugu. Baba amefariki."